Taa za ngazi na korido zinazobana umeme: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa wenye maghorofa ya maduka, ofisi, hosteli na gesti kuanzia Mbeya na Iringa hadi Makambako, Njombe na Makete, pamoja na mafundi wanaowafungia taa. Hesabu zote zimetumia Sh 350 kwa uniti. Kupata bei yako halisi, chukua risiti ya LUKU, gawa pesa yote uliyolipa kwa uniti ulizopewa, kisha weka namba hiyo badala ya yetu.

Nianze na kipi, taa za LED au sensa?

Anza na taa. Watu wengi huja wakiulizia sensa, kile kifaa kinachowasha taa kikihisi mtu, lakini pesa kubwa haipo huko.

Chukua jengo la ghorofa tatu juu ya maduka, korido hazina madirisha, tyubu 26 za futi nne zinawaka usiku na mchana. Tyubu imeandikwa wati 36, lakini choki yake (kile kidude kizito ndani ya fremu) nayo inakula, kwa hiyo kila taa inavuta kama wati 45. Mara 26 ni wati 1,170. Kwa saa 24 ni uniti 28 na ushei kwa siku, uniti 842 kwa mwezi, karibu Sh 295,000.

Ukiweka tyubu za LED za wati 16, jumla inashuka hadi wati 416. Kwa mwezi ni uniti 300, yaani Sh 105,000. Umeokoa Sh 190,000 bila kugusa swichi.

Sasa tuseme taa 10 za ngazi unaziacha ziwake muda wote, na 16 za korido unazifungia sensa inayozishusha hadi wati 3 pasipo na mtu, zikapanda hadi wati 16 kwa jumla ya saa sita kwa siku. Utatumia uniti 187, Sh 65,500. Sensa zimekuongezea akiba ya Sh 39,000 hivi. Si haba, ila kutoka humo toa bei ya sensa na ya fundi, na kumbuka kila sensa yenyewe inakula kati ya nusu wati na wati moja muda wote. Kwenye korido fupi ya taa nne tu, sensa inaweza kuchakaa kabla haijarudisha gharama yake.

Korido yangu inahitaji taa ngapi?

Usihesabu wati, hesabu lumeni. Wati ni umeme unaoingia, lumeni ni mwanga unaotoka. Kiwango cha Ulaya cha mwanga wa kazini, EN 12464-1, kinataka laksi 100 kwenye korido, yaani lumeni 100 kwa kila mita ya mraba, na namba hiyo inafaa kuifuata hata huku kwetu.

Mfano: korido ya mita 20 kwa mita 1.8 ni mita za mraba 36. Mara laksi 100, unahitaji lumeni 3,600 zifike sakafuni. Lakini korido ni nyembamba, na mwanga mwingi unaishia ukutani. Kwa kuta na dari nyeupe, kadiria asilimia 45 tu ndiyo inayofika chini. Halafu toa asilimia 20 kwa ajili ya vumbi na taa kuzeeka. 3,600 gawa kwa 0.45, gawa tena kwa 0.8: unapata lumeni 10,000. Hizo ni taa 10 za duara za wati 12 zenye lumeni 1,000 kila moja, zikipishana mita 2. Au tyubu 6 za lumeni 1,600, ukiongeza moja kama kuna kona.

Angalia rangi kabla ya kwenda dukani. Majengo mengi yamepakwa rangi ya mafuta ya kahawia au bluu iliyokolea hadi nusu ya ukuta ili uchafu usionekane. Kwenye korido ya namna hiyo mwanga unaofika sakafuni unaweza kushuka hadi asilimia 30, na hesabu ileile ikapanda kutoka lumeni 10,000 hadi 15,000. Hizo ni taa tano za ziada, zitakazowaka miaka yote, kwa sababu ya rangi. Ndoo ya rangi ya krimu ni rahisi kuliko taa tano.

Na ngazi je, hesabu ni hiyohiyo?

Namba ni ileile, laksi 100, ila mahali taa inapokaa ndipo penye kazi. Anayeshuka anahitaji kuona ukingo wa kila kipandio. Taa iliyofungwa ukutani usawa wa macho, mbele ya anayeshuka, inampiga usoni na kumficha vipandio. Taa moja juu kabisa ya ngazi nayo inamfanya akanyage kivuli chake mwenyewe.

Weka taa kwenye dari ya kila lendingi, pale ngazi inapogeukia, na moja pale ngazi inapofika kwenye ghorofa. Ngazi ikiwa na vipandio zaidi ya kumi na mbili kwa mkupuo, ongeza taa ya ukutani upande wa katikati, juu ya kichwa, yenye kifuniko cheupe kama maziwa ili isiumize macho. Epuka kufunga taa kwenye dari juu ya katikati ya vipandio. Si suala la mwanga: siku ikiungua, fundi hana pa kusimamisha ngazi yake ya kupandia, na taa hiyo itabaki giza miezi mitatu.

Jambo jingine ambalo halina gharama kama waya bado haujafukiwa: gawa taa za ngazi kwenye breka mbili, moja ichukue lendingi za witiri, nyingine za shufwa. Breka moja ikidondoka, mtu bado anaona njia. Na usichanganye taa za ngazi na soketi za wapangaji. Heta moja mbovu isizimie jengo zima ngazi.

Nina fremu za tyubu za zamani. Ni lazima ning'oe zote?

Kama bati halina kutu na vishikio vya tyubu havijapasuka, ziache, badilisha tyubu. Kuna njia mbili.

Ya kwanza: tyubu ya LED inayokuja na stata yake maalumu. Unatoa tyubu ya zamani na stata, unaweka vipya. Choki inabaki na kuendelea kula umeme kidogo. Inafanya kazi tu kwenye fremu za choki ya kawaida, ile nzito.

Ya pili, tunayoipenda zaidi, ni kuondoa choki kabisa:

1. Zima breka (si swichi peke yake) na pima kwa testa kwamba hakuna umeme.
2. Toa stata na kishikio chake, kata nyaya za choki, itoe.
3. Soma mchoro uliobandikwa kwenye tyubu mpya. Zinazolishwa upande mmoja zinapokea laivu na nyutro kwenye kichwa kimoja. Zinazolishwa pande mbili zinapokea laivu kichwa hiki na nyutro kile.
4. Unganisha kwa konekta, si kwa kusokota na selotepu. Unganisha waya wa ethi kwenye bati.
5. Bandika ndani ya fremu karatasi inayosema: LED TU, CHOKI IMETOLEWA.

Hatua ya tano ndiyo inayorukwa. Miaka miwili baadaye mlinzi atachukua tyubu ya zamani stoo, aichomeke, na breka itadondoka au vishikio vitaungua. Kati ya aina hizo mbili, chagua inayolishwa upande mmoja: ile ya pande mbili, kama haina swichi ya usalama, ukiingiza kichwa kimoja chenye laivu na kushika pini za kichwa cha pili, inaweza kukupiga.

Kama kishikio kimegeuka njano na kinavunjika kama biskuti, usihangaike, badili fremu nzima.

Mwanga mweupe au wa manjano?

Rangi ya mwanga hupimwa kwa kelvini: 4,000 kwa ofisi, maduka na hosteli. Kelvini 3,000 kwa gesti na hoteli, maana kwenye usiku wa baridi wa Julai mwanga wa manjano unafanya korido ionekane ya kukaribisha. Ile nyeupe ya bluu ya kelvini 6,500 ndiyo iliyojaa madukani. Haikosei kiufundi, ila inafanya kuta zionekane kama za mochwari. Muhimu zaidi ni kwamba zote ziwe namba moja. Ukichanganya, kila mtu ataona.

Sensa zipi zinafaa?

Zipo mbili. Ya PIR inaona mwili wenye joto unaotembea. Ya maikrowevu inatuma mawimbi na kusikiliza yanavyorudi kutoka kwa kitu kinachosogea.

PIR haipiti ukuta wala kioo, kwa hiyo haidanganywi na aliye chumbani. Udhaifu wake ni kwamba inaona vizuri mtu anayekatiza mbele yake, si anayeijia moja kwa moja. Ukiifunga mwisho wa korido ikitazama urefu wake, mtu atatembea hatua nyingi gizani kabla haijashtuka. Ifunge darini, kimo cha mita 2.4 hadi 3, na kwa korido ndefu tumia mbili au tatu zinazopokezana. Elewa pia kwamba PIR inategemea tofauti ya joto: mtu aliyejifunika koti zito, kofia na shuka asubuhi ya Makete anaonekana kwake kwa shida kuliko mtu mwenye shati. Ongeza usikivu wake, na ijaribu ukiwa umevaa hivyohivyo.

Maikrowevu inafaa ngazi, maana inashika mtu kabla hajamaliza kona. Tatizo lake ni kwamba inapenya plaiwudi, jipsamu na kioo. Kwenye hosteli yenye milango ya plaiwudi, mwanafunzi akijigeuza kitandani, taa ya korido inawaka. Kabla ya kuilaumu, punguza umbali wake. Nyingi zina swichi ndogo ndogo ndani ya kifuniko kwa kazi hiyo.

Kwa ngazi tunashauri kitu kimoja bila masharti: sensa ishushe mwanga, isizime. Asilimia 10 hadi 20 inatosha kuonyesha njia. Ngazi yenye giza totoro inayosubiri mtu akanyage ndipo iwake ni mtego. Muda wa kusubiri kabla ya kushuka uwe dakika 3 hadi 5; sekunde 30 zitakuokolea uniti chache tu, na mzee anayepumzika lendingi na mzigo wake atashushiwa mwanga.

Sensa iliwaka vizuri miezi miwili, sasa taa hazizimi kabisa. Kwa nini?

Mara nyingi ni kontakti za relei (swichi ndogo inayoendeshwa na umeme) ndani ya sensa zimegandana. Draiva za LED, yaani vifaa vinavyozigeuzia umeme, zinapowashwa zinavuta umeme mkubwa sana kwa muda usiofika sehemu moja ya elfu ya sekunde, ili kujaza kapasita zao. Draiva moja si tatizo. Kumi zikiwashwa pamoja, cheche inayeyusha kontakti na kuzishikisha. Sensa imeandikwa wati 1,000, wewe umefunga wati 160 tu, ukajiona uko salama. Lakini ile 1,000 ilikuwa ya balbu za zamani. Soma mstari unaotaja LED, ambao huwa mdogo sana, na kama haupo usizidishe taa tano kwa sensa moja. Zikiwa nyingi, sensa iwashe kontakta (relei kubwa ya kubeba mzigo), kontakta iwashe taa.

Hilohilo linaeleza breka inayodondoka kila unapowasha taa zote kwa pamoja ilhali mzigo ni mdogo. Tumia breka ya aina C, inayovumilia mvuto huo wa kuwasha, badala ya B, au gawa taa.

Kama haigandi ila inajiwasha usiku pasipo na mtu, angalia inatazama nini: mlango wa jikoni, jua la jioni dirishani, au barabara.

Tuliambiwa LED inadumu saa 50,000. Zetu zimekufa ndani ya mwaka.

Fungua moja uangalie. Ukiona chipu moja ina nukta nyeusi katikati, hiyo ndiyo iliyokufa, na kwa kuwa chipu zimepangwa kwa mfululizo, moja ikikatika zote zinazima. Chanzo ni joto: mtengenezaji amesukuma umeme mwingi kwenye chipu chache ili apate mwanga kwa bei ndogo. Ukiona kapasita imevimba kichwa kama mkate, draiva ndiyo iliyochoka. Ukiona masizi na harufu ya kuungua pale umeme unapoingia, taa ilipigwa na umeme mkubwa.

Hilo la mwisho ni la kawaida kwenye nyanda hizi. Msimu wa mvua radi hazipumziki, na laini zinapita mabonde na milima. Funga kinga ya mawimbi ya umeme ya aina ya 2 kwenye dibii (boksi la breka), nyaya zake za kuunganishia zisizidi nusu mita kwa jumla, na hakikisha ethi ni nzima. Kinga bila ethi ni pambo.

Zikifa taa nyingi siku moja, pamoja na friji ya mpangaji, shuku nyutro iliyolegea kwenye jengo la fezi tatu. Nyutro ikikatika, fezi zinaanza kuvutana: upande wenye mzigo mdogo unaweza kupanda kutoka volti 230 kuelekea 400. Usinunue taa nyingine kabla fundi mwenye leseni ya EWURA hajakaza na kupima nyutro. Na kama tatizo liko kabla ya mita, hiyo ni kazi ya TANESCO.

Dukani nitatambuaje taa nzuri?

Lumeni ziwe zimeandikwa. Gawa kwa wati: chini ya 80, iache, 100 na kuendelea ni nzuri. Volti za kuingilia ziwe na nafasi, kwa mfano 100 hadi 265, kwa sababu mwisho wa laini umeme hushuka jioni. Tafuta alama ya TBS. Mwombe muuzaji aiwashe, kisha elekeza kamera ya simu: mistari myeusi inayopita kwenye picha inamaanisha mwanga unatetemeka, na kwenye ngazi mtetemo unavuruga jicho linalofuata mguu. Inyanyue pia. Taa nyepesi kama kopo tupu haina chuma cha kutoa joto.

Ngazi zetu ziko nje, ukungu na mvua vinaingia.

Chagua taa ya IP65, isiyopitisha vumbi wala maji ya kurushwa, na kifuniko cha polikaboneti cha IK10, kinachostahimili kipigo cha jouli 20. Kwenye ngazi wanapobebea magunia na vitanda hilo si anasa. Maji hayaingii kwa mbele, yanaingia pale waya unapopita. Ingiza waya kwa chini, tumia glandi (kibano cha waya kinachozuia maji) inayolingana na unene wake, na uache ulegee kidogo ili matone yadondoke kabla ya kufika kwenye taa. Tundu usilolitumia lizibe.

Mpira wa kifuniko una kazi nyingine. Mvua za kwanza zikinyesha, kumbikumbi hufuata mwanga, na taa isiyozibwa hujaa mbawa na mizoga hadi nusu ya kifuniko. Mwanga unapungua, draiva inapikwa. Kiangazi zamu ni ya vumbi jekundu. Futa vifuniko mara mbili kwa mwaka, kwa kitambaa chenye maji na sabuni. Petroli na tina hupasua polikaboneti.

Umeme ukikatika?

Taa za dharura zenye betri ni lazima kwenye ngazi, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji likija kukagua jengo litaziangalia. Kiwango cha Ulaya cha taa za dharura, EN 1838, kinataka angalau laksi 1 katikati ya njia ya kutokea, kwa saa moja au zaidi, na kila mkupuo wa ngazi upate mwanga wa moja kwa moja. Nunua za saa tatu, maana mgao hauangalii viwango.

Kosa la kila mahali ni kuzilisha taa hizo kutoka saketi nyingine. Breka ya ngazi ikidondoka peke yake, taa ya dharura bado ina umeme, kwa hiyo haiwaki, na watu wako gizani. Ichukulie laivu kutoka saketi ileile ya taa za ngazi, kabla ya swichi. Ukiichukua baada ya swichi, betri itaisha kila mtu anapozima taa.

Bonyeza kitufe cha kujaribu kila mwezi. Mara moja kwa mwaka zima breka na uiache iwake muda wake wote ulioandikwa. Ikizima mapema, badili betri. Mlinzi aandike tarehe kwenye daftari.

Baridi inaharibu taa?

LED inaifurahia. Ni tyubu za zamani ndizo zinazopepesa na kuchelewa kushika alfajiri yenye baridi. Penye tatizo ni betri: za lithiamu hazitakiwi kuchajiwa chini ya nyuzi sifuri. Kwa ngazi ya wazi kule Makete, kwenye jalidi ya Juni na Julai, za nikeli-kadimiamu ni salama zaidi. Halafu soma kimo kwenye karatasi ya taa: vifaa vingi vya umeme vimekadiriwa hadi mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mbeya na Iringa mjini mko ndani ya hapo. Vijiji vya kuelekea Kitulo vimepita.

Taa imezimwa lakini inamulika hafifu usiku.

Ama swichi imefungwa kwenye nyutro badala ya laivu, ama swichi ina kitaa chake kidogo, ama nyaya ndefu za swichi za tuwei (mbili kwa taa moja) zinapokezana umeme kidogo. La kwanza ni hatari, lirekebishwe leo. Mengine yanatibiwa kwa swichi isiyo na kitaa, au kapasita ndogo ya kazi hiyo inayofungwa sambamba na taa.

LUKU ya korido alipe nani?

Fungeni mita yake peke yake. Ugomvi unaisha, na mtaona kwa uniti kama taa mpya zimeleta nafuu.

Tyubu za zamani nizipeleke wapi?

Zina zebaki, kwa hiyo zisivunjwe jalalani wala watoto wasizichezee. Zirudishe kwenye maboksi yake, zihifadhi zimelala mahali pakavu, mkusanye na majirani hadi apatikane mkusanyaji wa taka hatarishi mwenye kibali. Usinunue nyingine za akiba: chini ya Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, utengenezaji na biashara ya kimataifa ya tyubu hizi unafikia ukomo 2027. Ikivunjika ndani, fungua madirisha, toka dakika kumi na tano, kisha okota vipande kwa karatasi ngumu na futa kwa kitambaa chenye maji. Ufagio unaitawanya zebaki.